Pamoja Kabisa

Jumatatu, 6 Februari 1995
Nimeanika ulezi, nimeuanua. Mvua tena. Jioni nikiwa barazani, radi mbili. Moja zizini kwa Masanja, mwisho wa kijiji upande wa Namanyere. Nyingine kwenye mashine mpya ya kusaga ya Deus, upande wa Sumbawanga. Nyumba yangu iko katikati. Niliziona pamoja. Ng'ombe wamekufa. Mashine imeungua.

Jumanne, 7 Februari
Wanamtaja Mama Salome, jirani yangu, mjane. Wiki iliyopita aligombana na wote wawili: ng'ombe wa Masanja walikula mahindi yake, Deus alimpunja unga. Kanuni ya hapa naijua. Radi zikifuatana, ni mvua. Zikipiga pamoja kabisa, zimetumwa, na aliyezituma anahama. Mimi nilihamishwa kwetu nikiwa kijana. Sijarudi. Najua kuhama. Baraza la kijiji ni Alhamisi, shahidi ni mimi. Naogopa.

Jumatano, 8 Februari
Nimefungua kitabu changu cha fizikia cha enzi za kufundisha. Radi mbili zinapiga kandokando ya reli. Aliyesimama chini, katikati ya radi hizo, anaona mianga yote pamoja. Aliye ndani ya treni, anayempita wakati huo huo, anaikimbilia ya mbele na kuiacha ya nyuma. Ya mbele inamfikia kwanza. Na kwa kuwa kasi ya mwanga ni ile ile kwa wote, kwake ya mbele ndiyo iliyopiga kwanza. Hakuna anayekosea.

Juzi radi zilipopiga, Zeno alikuwa anapita mlangoni kwangu na basi lake, akienda Namanyere. Lakini kwa mwendo wa basi tofauti ni ndogo mno. Jicho haliioni. Sitadanganya.

Mama Salome amefunga godoro lake kwa kamba.

Alhamisi, 9 Februari
Nilisema nilichoona: pamoja. Mama Salome akainamisha kichwa. Kisha nikaeleza habari ya basi.

"Mwalimu, gari la Zeno linapitwa na baiskeli!" Deus akadakia.

Wakacheka, hata Zeno. Nikakiri: tofauti haionekani. Lakini ipo. Nikamuuliza mwenyekiti, kanuni inataka pamoja, au pamoja kabisa?

"Kabisa. Hapo wazee hawakutania."

"Basi mzee mwenzangu, hiyo kabisa ni ya pale nilipoketi. Ndani ya basi haipo."

Masanja alinikazia macho. Mwenyekiti aliwaza mpaka watu wakaanza kukohoa. Akasema hawezi kumhamisha mtu kwa kabisa ya nyumba moja.

Jumapili, 12 Februari
Jua kidogo. Mama Salome kaleta togwa. Aliuliza kama kweli niliziona pamoja. Nikamwambia ndiyo. Akanijazia kikombe.

Godoro liko uani kwake, limeanikwa. Kamba amefungia mbuzi.