Tarehe Aliyoiweka Mugisha

Kayanga, Karagwe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umeamka salama, na kwamba goti limekuacha upumzike kidogo. Mimi ni mzima wa mwili. Nasikia kahawa ya huko Rugu imezaa vizuri mwaka huu, ingawa najua huna hamu ya kuichuma tangu tumzike kaka Mugisha.

Mama, kazini nimepewa kiti chake. Unakumbuka alikuwa akisimamia ile kompyuta kuu inayotunza majina ya watumishi wote wa hospitali, yenye kuamua nani afungue nini. Juzi mkuu wetu aliniagiza niiondoe akaunti ya kaka kwenye usimamizi, niweke yangu. Nilikaa mbele ya jina lake nikashindwa kubonyeza. Nililia, sikufichi.

Nilipojikaza nikafungua mipangilio, nilikuta kazi imekwisha kufanywa. Kaka mwenyewe alikuwa ameniandikisha kuwa msimamizi tangu Machi, wala hakunigusia. Akaunti yake aliiwekea tarehe ya kujifunga, mwisho wa Juni. Sisi tarehe hiyo huwawekea wanafunzi wa mafunzo na watu wa mkataba, ambao siku yao ya kuondoka inajulikana. Kaka alikuwa mwajiriwa wa kudumu. Na alitutoka Juni hiyo hiyo.

Moyo ulikataa kutulia, nikachukua bodaboda hadi Nyakakika kwa shemeji Restuta. Najua ulitukataza kukanyaga kwao. Uliapa kwamba rubisi, ile pombe ya ndizi aliyomtengea kaka siku ile ya mwisho, ilikuwa na sumu, nasi tukakuamini. Mimi ndiye niliyembebea shemeji sanduku lake la nguo hadi barabarani tulipomfukuza, na sikumuaga. Hata hivyo alinipokea, akanipikia ndizi, akangoja nishibe ndipo akaniuliza kilichonileta.

Mama, kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Kaka alikuwa na saratani ya ini. Yeye na mkewe waliambiwa Mwanza, safari ile waliyotudanganya kuwa wanakwenda harusini. Alimwapisha mkewe asikuambie, akiihofia presha yako. Nilimuuliza shemeji mbona hakujitetea tulipokuwa tukimtolea vyombo nje. Alijibu kwamba ungejua mwanao alikuficha ugonjwa hadi anaingia kaburini, ungeumia kuliko ulivyokuwa umeumia. Akaona heri umchukie yeye. Aliyasema hayo akiwa anamenya ndizi za jioni, bila hasira yoyote, na mimi sikujua niangalie wapi.

Jumapili baada ya ibada nitakuja nyumbani. Ukikubali twende Nyakakika pamoja, nitashukuru sana. Usipokubali sitakulaumu, ila mimi nitakwenda kumwomba radhi.

Nisalimie baba mdogo Egbert na wote wa hapo nyumbani. Restuta naye anakusalimu. Aliniuliza kama dawa zako za presha bado zipo.

Mwanao akupendaye,
Elick