Kwa Mabruki Selemani, Mpimaji wa Mabwawa ya Majitaka, Tabora

Mwaka umetimia, Baba Kuluthumu, tangu ulipotutoka hapa Ng'ambo tarehe 9 Agosti 1977, na bado nikisikia kengele ya baiskeli nabandika maji ya chai.

Ulikuwa mpole kwa watu. Wanaolima mchicha bondeni, chini ya mabwawa, walikuita fundi, maana hukufungulia maji mpaka amonia ishuke, mboga zao zisiungue. Ulipima kwa chupa na dawa ya rangi, hadi ofisi ilipokukabidhi kile kijiti cha kioo cha kupimia amonia, kinachoshinda bwawani, waya wake ukipeleka habari kwenye mshale kibandani.

Hapo ndipo nilipopata mke mwenza. Sifichi, nilikionea wivu. Ulirudi uso unang'aa, hata kofia hujavua: “Mama Kuluthumu, imeshuka!” Mimi nimeshinda na homa, huulizi. Kila Jumamosi ulikuja nacho nyumbani kukisafisha, ukakilaza kwenye glasi ya maji, kwani kikikauka kimekufa. Na glasi yenyewe ile ya harusi yetu, ambayo mimi sijawahi kuinywea.

Jumamosi moja ulipokwenda kuswali adhuhuri, niliyamwaga yale maji nikakianika juani kama dagaa. Ulirudi, ukaitazama glasi, ukanitazama mimi. “Nipe chai, mke wangu.”

Siku ya arobaini yako ndipo Alois, mwenzako wa kazini, aliponiambia: “Shemeji, alisema ofisini kakisahau mwenyewe juani. Ndiyo maana wakamtoa kwenye mshale, wakampa fyekeo.” Miaka mitatu ulifyeka matete kandokando ya mabwawa, nami nilikuwa nikifurahi kwamba umerudi kuwa wangu. Nisamehe.

Mwezi uliopita fedha za kigeni zilipatikana, kijiti kingine kikaja. Alois alinipeleka nikakione. Mshale ukateremka taratibu, akapiga makofi, na wivu ukanipanda upya: kwa nini aone yeye, usione wewe? Ile glasi nimeiacha kibandani. Kilale humo.

Unakumbukwa na mkeo Mwanne, wanao Kuluthumu na Shaban, dada yako Mwanajuma, na Alois wa mabwawani. Hitma itasomwa nyumbani Ijumaa hii baada ya sala. Siku zote za maisha yetu tutakukumbuka.

Imeshuka, Baba Kuluthumu.