Nani Aliingia Majini?

4 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya tangu mwaka uanze. Si kiburi, ni huyu mdogo kuota meno. Natumaini u mzima, na mwanangu Chiriku anakula vizuri na bado anaongea mpaka usingizini. Sisi huku wazima, ila uchovu.

Mama, nimekasirika kidogo, nikimaliza kuandika nitapoa. Unajua kwamba kwa daktari wa meno ninapofagia kuna tangi la kioo la maji ya chumvi, lina samaki wa rangi, wagonjwa wawaangalie wasahau koleo. Kioo kinaota utelezi wa kijani. Konokono ndio wanaoulamba, na wale kaa wapangaji, wanaoishi kwenye magamba ya wenzao, ndio wanaookota makombo chini. Daktari alinikabidhi tangi kwa sababu nilijisifu kwamba mama yangu anaishi ufukweni.

Sasa umenitumia kaa bila gamba tupu hata moja! Kaa akikua anataka nyumba kubwa. Asipoipata anamvuta konokono nje, anamla, anahamia yeye. Jumatatu mtoto mmoja kwenye foleni akauliza kwa sauti, "Mbona yule anamla jirani yake?" Daktari akanitazama mimi, kama vile ndimi niliyewafundisha.

Nitumie wengine kwa dereva wa basi, kwenye ndoo ile ile, na magamba tupu makubwa kuliko wanayovaa. Mbusu Chiriku.

Binti yako

13 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Umeanza kwa samahani ukamalizia kwa kufoka. Nimekuzoea, ulizaliwa unafoka.

Kaa nimewajua kabla sijakujua wewe. Lakini sawa, mpangaji anataka nyumba. Bamvua hili maji yametoka mbali, nikaingia mwenyewe mpaka miambani. Ndoo hiyo hapo, konokono, kaa na magamba tele. Mwambie daktari wako sasa anyamaze.

Chiriku mzima, anasoma. Sketi ya shule imeanza kupanda juu ya magoti. Mbusu huyo mdogo wa meno.

Mama yako

15 Februari

Mama,

Shikamoo. Salamu nyingine baadaye.

Ndoo imefika. Nimeimimina kwenye beseni, mdogo mgongoni, nikaanza kuchambua. Kaa wote wadogo kama punje za mahindi. Nikasema labda ndio waliopatikana. Chini kabisa, katikati ya magamba, nikamkuta yule konokono. Umbo la pia, madoa ya kahawia na meupe kama kitambaa kilichodariziwa. Yuko hai, anatoa mrija wake taratibu, anatafuta.

Mama, unamjua. Wewe ndiye uliyenichapa kiganja nilipotaka kumwokota. Ulinionyesha ncha anayorushia sindano, ukaniambia jirani yetu muuza mkaa alimtia mfukoni asubuhi na jioni hakuiona. Wewe usingemtia kwenye ndoo hata ukiwa umefumba macho. Mtu mzima yeyote wa huko asingemtia. Anayemwokota yule ni mtu anayeona uzuri tu.

Nani aliingia majini?

Usiniambie "mimi mwenyewe". Hawa kaa ni wa maji ya kifundo cha mguu, wameokotwa na vidole vidogo. Na bamvua maji hutoka asubuhi, mama, wakati wenzake wako darasani.

Nimemfunika kwa sufuria nikaweka tofali juu. Nimeshindwa kufunga mbeleko. Nijibu neno moja tu.

Binti yako

28 Februari

Mama,

Shikamoo. Dereva anasema barua alikupa mkononi, ukaitia kifuani, ukamwambia aende.

Nani?

Binti yako

20 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Nilingoja hasira ziishe, zako na zangu. Zangu hazijaisha.

Ni Chiriku. Goti langu la kulia limevimba tangu mvua. Nikishuka miambani sipandi. Basi nikawa nakaa mchangani namwelekeza, geuza jiwe hilo, lirudishe lilivyokuwa. Ni asubuhi za bamvua tu. Mwalimu nilimwambia mtoto ana homa.

Huyo mwenye sumu sikumwona. Mtoto alikuja anaruka, "Bibi, nimepata bwana harusi!" Mimi nilikuwa nakanda goti. Nikamwambia tia ndooni. Sikugeuka.

Lakini na wewe usijifanye hakimu. Kila barua yako ni nitumie, nitumie. Konokono nitumie, kaa nitumie, magamba nitumie. Ningekujibu goti limekataa, ungempa nini huyo daktari? Na mtoto umeniachia hajajua hata kufunga viatu, hujaandika siku moja kwamba utamchukua. Sisi sote huku tumekuwa wafagiaji wa tangi lako.

Mama yako

23 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole na goti. Nasema pole kwa moyo wote, na nimekasirika kwa moyo huo huo.

Hilo la nitumie, nitumie, ni kweli. Nimelisoma nikaketi sakafuni. Lakini ungeandika "goti limekataa", ningenuna wiki moja, basi. Kufagia kupo kwingi. Wewe ukachagua kunidanganya na kumdanganya mwalimu, na mwanangu akamshika muuaji kiganjani akimwita bwana harusi. Na wewe hukugeuka! Hapo mama sijui nikwambie nini. Nakupenda, na hapo sijakusamehe bado.

Nimemwambia daktari sileti tena mnyama yeyote kutoka nyumbani. Akasema, "Na huo ukijani?" Nikamwambia nitaukwangua kwa mkono wangu, na asipotaka, ufagio wake huu hapa. Amenung'unika mpaka mchana, kisha akaninunulia kikwangulio. Konokono waliobaki wanalamba upande wao, mimi nakwangua wangu.

Shule iliyo mtaa wa nyuma imekubali kumpokea Chiriku. Chumba ni kimoja na kitanda kimoja, tutabanana. Ningekuja mwenyewe, lakini nikikosa kazini siku mbili nafasi yangu ina mtu. Jumamosi mke wa dereva anasafiri na mumewe, amekubali kukaa naye njia nzima. Wewe dereva atakushusha hospitali akiwa njiani kuja huku, akurudishe akigeuza. Usibishane naye, nimeshamwambia ulivyo.

Usimwambie Chiriku kwamba amekosa. Mwambie mama yake anamtaka.

Binti yako

Vitu ambavyo bado nahitaji unitumie:

Cheti chake cha kuzaliwa. Kimo sandukuni, chini ya nguo zangu za ujauzito.

Barua ya uhamisho. Nenda mwenyewe kwa mwalimu, umwambie kwamba hakukuwa na homa.

Viatu vyake vya shule, hata kama vinambana, nijue ukubwa.

Kile anacholala amekikumbatia. Sijui siku hizi ni nini, muulize.

Yeye mwenyewe, Jumamosi, kiti cha nyuma ya dereva, mikono mitupu.