Kisanduku cha Mary

Marieta, uko? Mary wetu yamemkuta kikundini leo, siamini!

Ile programu ya kazi za kikundi kwenye simu, kila mtu anajipangia ukurasa wake. Mary, kwa kuwa ni katibu, akajitengenezea kisanduku cha kuonyesha waliochelewesha kazi. Akakisifia weee!

Mwenyekiti akasema, "Mama, hebu tusomee."

Jina la kwanza, nachungulia simuni mwake, baba mkwe wake, mzee Gidamis! Hajazibua mfereji wa josho la ng'ombe. Na mzee mwenyewe amekaa pale pale mbele.

Unajua kwao mke hatamki jina la baba mkwe, hata umchape. Mwenyekiti katoka kijiji cha Daudi, hajui mila hiyo.

"Soma, mama!" Mary anapangusa kioo cha simu. "Si umekitengeneza mwenyewe?" Jasho, Marieta! Jasho na baridi hii!

Akasema, "Mtandao umekatika."

"Basi utatusomea Jumatatu, na kila Jumatatu. Kisanduku kizuri hiki, kisifutwe."

Nimepita joshoni sasa hivi. Nimemkuta Mary mferejini, matope mpaka magotini, anazibua yeye. Kazi ikiisha, jina linatoka.

"Bibi, usimwambie mtu," ananiambia. "Wiki ijayo mzee ana zamu ya uzio."