K ya Kinaifu

Machame, Jumamosi, Mei 1953

Mvua tangu alfajiri. Mlima haujaonekana wiki nzima, na matope yanafika vifundoni. Lakini mimi nina furaha. Furaha mbaya, ile ya kucheka peke yako jikoni. Acha niiandike kabla haijapoa.

Leo Anaeli amekuja kuomba msamaha.

Nianze mwanzo, maana hasira ikiandikwa ovyo haisomeki. Anaeli ni jirani yetu. Kihamba chao cha migomba na chetu vimetenganishwa na mfereji na safu ya masale, mimea yetu ya mpakani. Ni mwalimu. Mwaka jana mkaguzi Mzungu alikuja kuchagua msichana wa kwenda chuo cha ualimu, mmoja tu, na mtihani ulikuwa kusoma Kiingereza kwa sauti mbele ya watu. Nikamwendea Anaeli anifundishe. Tulipofika kwenye maneno yanayoanza na K halafu N, nikamuuliza, hii K nifanye nayo nini? Akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, hiyo ni ki, kama kisu, kiti, kikombe. Hata Wazungu wanayo."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Iliingia akilini.

Basi nikasimama mbele ya mkaguzi, wazazi wamejaa, mama yangu kavaa kanga mpya, nikasoma kwamba namjua mtu mwenye kisu. Nilisema "ai kinoo", nikasema "kinaifu". Mkaguzi akaziba mdomo kwa leso. Aliyecheka kwa sauti, tena akigonga dawati, alikuwa Anaeli. Kisha akasimama Aisia, dada yake, aliyefundishwa na yeye huyo huyo nyumbani kwao. Akasoma "nou", akasoma "naifu", akaenda chuoni.

Mwalimu mmoja, vinywa viwili.

Tangu siku hiyo jina langu ni Kinaifu. Sokoni Kwa Sadala mtu akitaka ndizi zangu anauliza, "We Kinaifu, mkungu huu unauzaje?" Mama alilia kwa siri. Mimi sikulia. Kinoo kwa Kiswahili ni jiwe la kunolea, na mimi nilinolewa.

Kila nilipopeleka maziwa zahanati ya misheni nilimwomba nesi Mzungu neno moja. Ndiye aliyenieleza kwamba K ile ni bubu: inaandikwa, haitamkwi. Nikaanza kuwasaka wote wa ukoo huo, na kila mmoja nikampa kazi. Knife, kisu: nangoja siku yake. Knock, kubisha hodi: ipo siku utabisha kwetu. Knee, goti. Kneel, kulipiga hilo goti: utalipiga tu. Knit, kufuma: nilimfumia mama sweta, na kila tundu nilitaja jina la mtu. Knave, mlaghai: huyo anakaa ng'ambo ya mfereji. Na knot, fundo. Hilo nililiweka mwisho.

Mkaguzi anarudi Jumatatu. Nafasi ni moja tena, na nimeitwa kusoma. Safari hii kuna na jingine: Anaeli anataka kuwa mwalimu mkuu, na wa kumpitisha ni mkaguzi huyo huyo. Niliapa kwamba nikishasoma vizuri nitamweleza mkaguzi nani alinifundisha mara ya kwanza, na kwa nini. Juzi nikamwambia Anaeli hivyo hivyo, uso kwa uso, pale mferejini. Nilitaka akose usingizi.

Leo kabisha hodi. Kaja na baba yake mdogo, na mkononi ana jani la isale limepigwa fundo. Kwetu ukiletewa isale hukatai, hata kama umechomewa nyumba. Ukikataa, mkosaji unakuwa wewe. Mila anaijua, mjanja yule! Akapiga magoti palepale mlangoni, kwenye matope.

Nikamwamkia mzee, shikamoo baba mdogo, nikamletea kigoda. Kisha nikasema jani nitalipokea, ila kwanza mwalimu anisomee maneno yangu. Nikayaandika kwa mkaa kwenye mlango. Akasoma mbio mbio, "naifu, nii, nou." Nikamkatiza.

"Hapana, mwalimu. Soma kama ulivyonifundisha."

Akanitazama. Mvua ilikuwa inamwingia shingoni.

"Kinaifu," akasema. "Kinii. Kinoo." Sauti ikafifia, nikamwambia kwamba baba mdogo hasikii vizuri. Akarudia yote kwa nguvu, majirani wakachungulia migombani. Baba yake mdogo, ambaye hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, akavimba kwa fahari. "Huyu mtoto kasoma," akamwambia mama. Mama akajiziba uso kwa kanga. Mtenda akitendewa hujiona kaonewa: machozi yalimlenga mwalimu wangu, na mimi nikayatazama vizuri, sikugeuza uso.

Ndipo nikalipokea jani. Nikasema, "Nimekusamehe, kaka," mbele ya watu, kama mila inavyotaka. Nikaahidi kwamba Jumatatu jina lake sitalitaja. Mzee akashukuru, wakavuka mfereji kurudi kwao.

Mama kaniuliza sasa hivi kama fundo limekwisha moyoni. Nimemjibu, ndiyo mama.

Isale nimelitundika juu ya mlango, na fundo lake. Jumatatu nitasoma mpaka mkaguzi arudishe leso yake mfukoni. Nitakwenda chuo, nitarudi mwalimu, na jina la Anaeli halitatoka kinywani mwangu. Ahadi ni ahadi.

K haitamkwi. Lakini haijafutwa.