Mim Isiyo na Jicho

Mahajanga, Jumanne jioni

Nilidhani nimeshamaliza, ndiyo maana nimeudhika. Amri moja tu kwenye kompyuta, na programu ikaligeuza jina la marehemu babu, Mahmud, kuwa herufi nene za Kiarabu, za kuchongwa juu ya mlango wa msikiti wa Andoany. Seremala anataka faili Ijumaa.

Bibi, aliyesomesha watoto Kurani maisha yake yote, akasogelea skrini. "Herufi mim haina jicho. Mtoto akiniandikia hivi, namfutisha ubao."

Kweli. Matundu yote matatu, ya mim mbili na ya waw, yamezibwa, kwa sababu mstari wa ndani unazungukia upande uleule wa mstari wa nje, na programu huacha tundu wazi pale tu mistari hiyo inapozunguka kinyume. Naogopa siku hazitatosha. Basi nageuza mwelekeo wa pointi za mstari wa ndani kwa mkono, moja moja.

Jicho la kwanza limefunguka. Bibi amevuta kiti.

"Haya, la pili."