Miti Iliyopakwa Chokaa

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua yamenikalia. Goti lako je? Usinijibu "linaendelea" tu, niambie ukweli.

Nina ombi. Ofisi inataka kuwafundisha wenye misitu, mafundi seremala na watu wa kiwanda cha mbao kuhusu mdudu anayetoboa misonobari. Nimesema tukutane kwetu, kwenye miti aliyoipanda marehemu Mama, waone msitu wenye afya ulivyo. Kabla hatujaja, kagua mashina. Ukiona vitundu vidogo, na chini yake vumbi kama la msumeno, niambie mapema. Miti michache ikikatwa na kuchomwa papo hapo, mingine inasalimika. Tukichelewa, kilima kizima kinakwenda.

Binti yako


11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linaendelea.

Nimekagua, msitu uko salama. Walete hao wageni wako. Nimepaka mashina chokaa hadi usawa wa kifua, maana sitaki watu waje kwao na mwalimu wao wakute nyumba haijafagiliwa. Jirani Kofia kapita, akaniuliza kama miti inaolewa.

Wewe uliyekuwa ukikimbia siafu ukilia, leo unafundisha habari za wadudu. Mama yako angecheka mpaka akae chini.

Baba yako


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama, sauti tu ndiyo imenikauka. Watu walikuwa wengi kuliko viti, na wote walisifu msitu wako. Mzee Kofia, na hiyo kofia yake asiyoivua hata ndani ya nyumba, aliuliza maswali mpaka wenzake wakaguna. Seremala mmoja akataka kujua kama chokaa ndiyo kinga. Muda ulishatuishia, nikacheka tu nikafunga mkutano.

Nilijivunia kuwa binti yako mbele ya watu wale. Asante sana.

Binti yako


19 Septemba

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Juzi nilipita kwa Mzee Kofia kikazi. Mashina yake yote meupe, na vilele vyote vimekauka, rangi ya kutu. Majirani watatu baada yake hivyo hivyo. Nikamuuliza kwa nini hakutuita. Akasema, "Dawa si nilipaka? Baba yako ndiye aliyenipa ndoo ya chokaa, akasema ndiyo mnayotumia."

Nikaja nyumbani. Ulikuwa umekwenda zahanati. Nilichukua kisu cha jikoni nikakwangua shina lililo karibu na mlango. Vitundu vimejaa, na chokaa imeingia ndani yake. Maana yake vilikuwepo kabla hujapaka. Sikukusubiri kwa sababu niliogopa mdomo wangu.

Ulijua, Baba?

Binti yako


27 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Alama ya kisu niliiona kabla barua yako haijafika.

Nilijua. Vumbi nililiona siku ile ile niliyosoma ombi lako, kwenye miti michache, huo wa mlangoni na mingine upande wa kisima. Nikawaza, watu watasema mwalimu gani huyu ambaye kwao kunaliwa na wadudu. Nikasema wacha mkutano upite, halafu nitaikata kimyakimya. Mkutano ukapita, msitu ukawa unasifiwa kila mahali, hata dukani. Kila nikishika shoka naona nitaulizwa ninakata nini.

Kofia alipokuja kuuliza kama chokaa ndiyo dawa, kulikuwa na watu barazani. Nikampa ndoo. Nilijua chokaa haiui kitu, nikadhani basi haitamdhuru pia. Sikufikiria kwamba akishapaka ataacha kuangalia.

Jina lako nimeliharibu mwenyewe. Sina la kujitetea.

Baba yako


6 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Nina hasira na wewe, sitakuficha. Nina hasira na mimi pia, maana seremala aliuliza na nikacheka.

Amri imetoka. Kilima chote kinakatwa na kuchomwa. Ng'ambo ya barabara miti mingi bado iko salama, lakini wenye misitu wa kule nao wameanza kununua chokaa. Nimewaeleza mara mbili, wanasema baba yangu anajua zaidi. Wewe ndiye watakayemsikiliza. Waite, ukwangue mbele yao, useme kwa kinywa chako. Bila hivyo na kule kutakwisha.

Binti yako


30 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba, japo nimechelewa kuandika.

Niliwaita. Walijaa mpaka njiani. Nikakwangua kwa kisu kile kile, nikawaonyesha vitundu, nikasema kila kitu tangu Machi. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Watu wa ng'ambo waliondoka haraka, na kesho yake nikasikia mashoka upande wao, wanaondoa michache iliyougua. Kwa hiyo somo lako limefika.

Wenzako walipokuja na misumeno, niliomba waanze na miti ya mama yako. Sasa nikikaa mlangoni naona hadi barabarani. Moshi unaingia mpaka kwenye shuka.

Jana Kofia alikuja. Nikamvutia kiti, hakukaa. Aliweka ndoo yangu ya chokaa kizingitini, imebaki nusu. Akavua kofia, akatazama visiki vyangu kwa muda, akaivaa tena, akaenda zake bila salamu. Miaka yote hii tunajuana, ndiyo mara ya kwanza nimeona kichwa chake.

Ndoo bado iko pale. Mimi siku hizi natokea mlango wa nyuma.

Baba yako